Kujifunza Rangi za Mafuta Nje, Mbele ya Mandhari

Kuchora nje kwa rangi za mafuta, mchoraji akiwa amesimama mbele ya kitu anachokichora, kulienea katika karne ya 19. Awali rangi iliyosagwa ilibebwa katika vifuko vya kibofu cha nguruwe, vilivyopasuka na kuvuja njiani. Mwaka 1841 mchoraji wa Kimarekani John Goffe Rand alipata hataza ya tyubu ya bati inayominywa, na tangu hapo rangi ikaingia mkobani.

Nchini Marekani, William Merritt Chase alifundisha uchoraji huo wa nje huko Shinnecock, Long Island, kuanzia 1891. Mwanafunzi na msaidizi wake, Charles Hawthorne, alifungua shule yake Provincetown, Massachusetts, mwaka 1899. Zoezi lake mashuhuri lilikuwa la ajabu: mtu aliketishwa ufukweni, jua likiwa nyuma yake, na wanafunzi wakapaka kwa kisu cha puti badala ya brashi. Kisu hicho hakiwezi kuchora kope wala pua. Uso ulibaki bonge la kivuli lililopakana na mabonge ya mwanga, hata picha hizo zikaitwa vichwa vya udongo. Naliona kuwa zoezi bora kuliko yote, kwa sababu linamnyang'anya anayeanza ile hamu ya kuchora anachokijua, likamlazimisha kupaka anachokiona.

Somo la leo lina msingi uleule. Mwanafunzi hufinya macho mpaka vitu vidogo vipotee, hupaka kwanza maeneo makubwa ya kivuli na mwanga kwa rangi nyembamba, kisha huongeza rangi nzito yenye mafuta zaidi juu yake. Kinyume cha hapo, tabaka la juu hupasuka. Muda ni kama saa mbili tu, maana jua likisogea vivuli navyo vimehama. Turubai na kibao cha kuchanganyia rangi hukaa kivulini: ukipaka juani utaiona rangi inang'aa, na picha ikifika ndani inakuwa giza. Mwavuli uwe mweupe au mweusi. Mwekundu hutia wekundu kila kitu.

Hapo ndipo idadi ndogo ya wanafunzi inapokuwa na maana. Kwa wanafunzi sita, mwalimu anaweza kumpa kila mmoja dakika ishirini kabla nuru haijabadilika. Wakiwa ishirini, kila mmoja anabaki na sita, na kosa la kwanza limekwisha kufunikwa na makosa mengine.

Rangi ya mafuta haikauki kama maji. Mafuta ya kitani yaliyomo huvuta oksijeni hewani na kuwa magumu polepole, huku yakitoa joto. Kwa hiyo usirundike wala usitupe ovyo vitambaa ulivyofutia brashi, kwani vinaweza kuwaka vyenyewe. Vilowanishe kwa maji na uvifungie katika kopo la chuma lenye mfuniko kabla hujaondoka.