Mamlaka ya Wananchi na Kifungu cha Marekebisho: Mafunzo ya Katiba za Kenya na Tanzania

Nadharia ya siasa hutenganisha nguvu ya kutawala na mamlaka ya kutawala. Nguvu ni uwezo wa kumlazimisha mtu atende asilolitaka, na uwezo huo hata jambazi mwenye bunduki anaweza kuwa nao. Mamlaka ni haki ya kutoa amri, haki ambayo wanaoamriwa wenyewe huitambua hata pale wanapoichukia amri yenyewe. Utambuzi huo ndio uitwao uhalali, na mwanasosholojia wa Kijerumani Max Weber alieleza kwamba huweza kutokana na mila, na haiba ya kiongozi, au na sheria ambayo mtawala mwenyewe yuko chini yake. Dola za kisasa, karibu zote, hudai uhalali wa aina hii ya tatu. Dai hilo, hata hivyo, halimalizi swali bali hulisogeza hatua moja nyuma, kwa kuwa ikiwa rais, bunge na mahakama hupata madaraka yao kutoka katika katiba, inabidi ijulikane katiba yenyewe ilipata wapi nguvu ya kuwafunga, na ni nani anayeruhusiwa kuigusa.

Jibu lililoenea zaidi lilitolewa na Emmanuel Joseph Sieyès nchini Ufaransa mwaka 1789, alipopambanua mamlaka asilia ya kuunda katiba, ambayo ni ya taifa, na mamlaka zilizoundwa, yaani vyombo vinavyofanya kazi kwa idhini ya katiba na ndani ya mipaka yake. Kutokana na upambanuzi huo, chombo kilichoundwa hakiwezi kujipangia upya masharti yaliyokiunda, kwa sababu kikifanya hivyo kitakuwa kimejitwalia nafasi ya mwenye nacho. Wazo hili limo katika katiba za Afrika Mashariki. Ibara ya 1 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatamka kwamba mamlaka yote kuu ni ya wananchi, na Ibara ya 8 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inawataja wananchi kuwa msingi wa mamlaka yote. Msomaji akiishia kwenye ibara hizo mbili, ataona kwamba nchi hizi zinafuata nadharia moja. Makala hii inadai kwamba hazifuati, na kwamba tofauti yao iko katika vifungu vya marekebisho, ambavyo raia wengi hawajawahi kuvisoma. Hata mahali vilipowekwa ni dalili: Kenya imeyapa marekebisho sura yake peke yake, Sura ya 16, ilhali Tanzania imeyaweka katika Ibara ya 98, ndani ya sura inayohusu Bunge, karibu kabisa na utaratibu wa kutunga sheria za kawaida.

Kenya haikufika hapo kwa hekima ya kuzaliwa nayo. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilitaka marekebisho yapitishwe kwa robo tatu ya kura katika kila moja ya mabaraza mawili ya Bunge, na kwa mambo yaliyolindwa zaidi ilitaka asilimia 90 ya Seneti. Mwaka 1965 vizingiti hivyo vilishushwa hadi asilimia 65, na baada ya hapo mengine yaliwezekana bila taabu kubwa: Seneti ilifutwa mwaka 1966, mwaka 1982 kiliingizwa Kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kisheria, na mwaka 1988 majaji walinyang'anywa ulinzi wa ajira, ambao ulirudishwa mwaka 1990. Inafaa kuzingatia mfuatano huo. Waliotaka kuyakusanya madaraka hawakuanza na Seneti wala na majaji. Walianza na kanuni ya kubadilisha kanuni, na walipokwisha kuilegeza, kila hatua iliyofuata ilikuwa halali kwa maana finyu ya neno hilo. Katiba haikuvunjwa hata mara moja, ilirekebishwa tu, mpaka ikawa chombo cha waliopaswa kuongozwa nayo.

Ni katika mazingira hayo ndipo uamuzi wa Mahakama Kuu ya Kenya wa mwaka 2004, katika shauri lililofunguliwa na Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, unapopata uzito wake. Bunge lilikuwa likitarajiwa kuipitisha katiba mpya iliyotokana na mkutano wa Bomas. Mahakama ilisema kwamba Bunge lilikuwa na uwezo wa kuirekebisha katiba, bali halikuwa na uwezo wa kuifuta na kuweka nyingine mahali pake, kwa kuwa uwezo huo wa pili ni wa wananchi wenyewe nao hutumika kwa njia ya kura ya maoni. Matokeo yake hayakuwa ya nadharia tu: mwaka 2005 wapiga kura waliikataa rasimu iliyoungwa mkono na serikali, na tarehe 4 Agosti 2010 wakaikubali nyingine, iliyoanza kutumika tarehe 27 ya mwezi huohuo. Jambo linalopaswa kupimwa hapa si ubora wa rasimu hizo mbili. Ni kwamba waliokuwa madarakani mwaka 2005 waliomba kitu wakanyimwa, na kunyimwa huko kukaheshimiwa.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja na Mpango wa Maridhiano, maarufu kama BBI, uliotokana na maafikiano ya Machi 2018 kati ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Muswada wake ulikusudia, pamoja na mengine, kurudisha cheo cha waziri mkuu na kuongeza majimbo 70 ya uchaguzi. Ulipelekwa kwa njia ya Ibara ya 257, inayowaruhusu wananchi kuanzisha marekebisho kwa saini za wapiga kura milioni moja, na baadaye kwa idhini ya mabunge ya kaunti yasiyopungua 24 kati ya 47. Tarehe 13 Mei 2021 Mahakama Kuu iliusimamisha, ikieleza kwamba katiba ina muundo wa msingi usioweza kuguswa kwa marekebisho ya kawaida. Fundisho hili lilipata umaarufu India mwaka 1973 katika shauri la Kesavananda Bharati, lililoamuliwa kwa kura 7 dhidi ya 6. Mahakama ya Rufani iliafiki, lakini tarehe 31 Machi 2022 wengi wa majaji wa Mahakama ya Juu walilikataa fundisho hilo kwa Kenya, huku wakishikilia kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi.

Mjadala wa wanasheria ulielekea zaidi upande wa fundisho la muundo wa msingi, na hapo huenda macho yalipotea njia. Kulikataa kulikuwa sahihi. India ilihitaji fundisho hilo kwa sababu katiba yake inaliachia Bunge, likishirikiana na mabunge ya majimbo kwa baadhi ya mambo, kazi yote ya marekebisho bila kura ya maoni. Kenya tayari ilikuwa imeweka katika Ibara ya 255 orodha ya mambo, kama vile ukuu wa katiba, haki za msingi na muhula wa Rais, ambayo hayabadiliki bila wapiga kura kuulizwa. Kumpa jaji ufunguo wa mlango ambao mwenye nyumba anaufungua mwenyewe kungekuwa kumvua mwananchi mamlaka kwa jina la kumlinda. Sehemu yenye thamani ya kudumu katika hukumu ile ni ya pili: mshika madaraka haruhusiwi kuvaa vazi la mwananchi wa kawaida ili aombe kuongezewa au kupangiwa upya madaraka. Mamlaka asilia hulindwa kwa kumtenganisha anayeanzisha mabadiliko na anayefaidika nayo.

Kwa kipimo hicho, historia ya Tanzania inasomeka kwa sura tofauti na ile iliyozoeleka. Mapatano ya Muungano ya mwaka 1964 yaliahidi Bunge la Katiba katika muda wa mwaka mmoja. Sheria ya mwaka 1965 iliahirisha ahadi hiyo, na katiba ya muda ikaendelea kutumika kwa miaka 12. Mwaka 1977, baada ya TANU na ASP kuungana tarehe 5 Februari na kuzaa CCM, tume ya watu 20 iliyoongozwa na Sheikh Thabit Kombo, ambayo kwanza ilikuwa imepewa kazi ya kuviunganisha vyama hivyo, ndiyo iliyotoa mapendekezo ya katiba. Wabunge waliokuwapo wakageuzwa kuwa Bunge Maalum, wakaipitisha mwezi Aprili. Hakukuwa na hila wala siri katika hilo, maana lilitokana na imani ya wakati ule kwamba chama kimoja chenye matawi hadi vijijini ni wananchi wenyewe waliojipanga. Imani hiyo iliachwa mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa, lakini kifungu cha marekebisho kilichozaliwa nayo kilibaki. Ibara ya 98 hutosheka na theluthi mbili ya wabunge wote, au, kwa mambo nyeti ya Muungano, theluthi mbili ya wabunge wa kila upande.

Shauri la mgombea binafsi lilionyesha athari zake. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana na Mchungaji Christopher Mtikila kwamba raia asiye na chama ana haki ya kugombea, na mwaka huohuo Bunge likairekebisha katiba kuzuia jambo hilo. Mahakama ya Rufani, mwaka 2010, iliona kwamba suala hilo ni la kuamuliwa na Bunge. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaona mwaka 2013 kwamba haki za mlalamikaji zilikiukwa. Wabunge waliofika bungeni kwa tiketi za vyama ndio walioamua kama mtu asiye na tiketi ya chama aweza kushindana nao.

Yaweza kupingwa kwamba kura ya maoni nayo hununulika, na kwamba umma hauna mdomo mpaka mtu fulani aliyepangwa na sheria fulani auulize. Pingamizi la pili ni zito, na Sieyès hakulijibu vizuri, kwa kuwa alilichukulia taifa kama kwamba lipo tayari kabla ya utaratibu wowote. Lakini pingamizi hilo linaimarisha hoja ya makala hii. Ikiwa wananchi husikika kwa kupitia utaratibu peke yake, basi anayetunga utaratibu na anayeuanzisha ndiye anayeamua kama watasikika. Zanzibar, ambayo tarehe 31 Julai 2010 iliwauliza wapiga kura wake kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, ni ushahidi kwamba kuwauliza wananchi moja kwa moja si jambo geni ndani ya Muungano wenyewe.

Mchakato wa katiba mpya ya Tanzania ulioanza mwaka 2012 chini ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ulikusudiwa kuondoa kasoro ya wananchi kutoulizwa, kwani Tume ilikusanya maoni nchi nzima na rasimu yake ikapendekeza muundo wa serikali tatu. Rasimu ilipofika Bunge Maalum mwaka 2014, wajumbe walikuwa wabunge wote wa Muungano, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi, na watu 201 walioteuliwa na Rais. Serikali tatu zilitoweka, kundi la wapinzani la UKAWA lilikuwa limekwisha kutoka ukumbini, na Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa tarehe 2 Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, kwa hiyo hatua pekee ya mchakato ambayo ingewaondoa washika madaraka kwenye nafasi ya waamuzi ndiyo ambayo haikutekelezwa.