Daudi wa Ngong Road

Leo naweka msimbo kando kidogo, wasomaji wangu.

Mtoto wa binamu yangu alipougua lukemia kali, nilikesha nikisoma habari za seli za kinga. Katika majedwali ya watafiti nikawa nakutana na jina moja: Daudi. Nikadhani ni mtafiti. Kumbe ni seli, na asili yake ni hapa hapa Nairobi!

Turudi nyuma. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa Kampala, alieleza saratani inayovimbisha mataya ya watoto. Hutoka kwenye chembe nyeupe za damu aina ya B, ambazo lukemia nyingi za watoto hutoka kwenye ukoo huo huo. Miaka ya 1960 Peter Clifford aliwatibu wagonjwa wa aina hiyo Hospitali ya Kenyatta, karibu na Ngong Road, njia ya matatu za 111 zitokazo mjini.

Ajabu ni hii: wapo watoto waliopona kwa dozi moja au mbili tu za dawa. Nani alimalizia kazi? Wengi walishuku kinga ya mwili. Clifford akashirikiana na George na Eva Klein wa Karolinska, Stockholm, na vipande vya uvimbe vikapelekwa huko kwa ndege.

Mwaka 1967, kutoka kwa kijana wa miaka 16, zikapatikana seli za Daudi. Hadi leo zinajigawa maabarani, nakala ya nakala, kama programu huria. Zimekosa protini iitwayo beta-2 mikroglobulini, kwa hiyo hazionyeshi kile "kitambulisho" ambacho seli T nyingi hukikagua. Basi zikawa kipimo kizuri cha seli za kinga zinazoua bila kudai kitambulisho.

Hata seli T zilizobadilishwa maabarani ziwinde alama ya CD19 zimejaribiwa kwa Daudi. Tiba ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, kwa lukemia kali ya watoto na vijana. Bei yake mwaka huo: dola 475,000.

Sisi tulifanya harambee. Ilitosha dawa za kawaida, na namshukuru Mungu mtoto amerudi shuleni. Lakini ingekuwaje kama dawa hizo zingeshindwa?

Kwenye programu huria, aliyechangia huandikwa jina, na kazi yake humrudia yeyote anayeihitaji. Nikipita pale na 111, namkumbuka yule kijana. Nakala zake zimezunguka dunia nzima. Tiba nayo ipande matatu irudi nyumbani.