Kutoka Ubao wa Dugsi hadi Simu: Zana za Kujifunzia Lugha ya Kigeni na Suala la Kichina huko Garissa

1. Utangulizi

Mwezi Desemba 2019 ulifunguliwa rasmi huko Garissa mtambo wa umeme wa jua wenye uwezo wa megawati 50 hivi, uliojengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mapema mwaka uo huo, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilikuwa imetangaza kwamba Kichina kingefundishwa katika shule za msingi kuanzia mwaka 2020. Lugha iliyokuwa ikifundishwa Nairobi tangu Taasisi ya Confucius ilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005 ilianza kuwahusu hata vijana wa Kaskazini Mashariki.

Lakini mwalimu alikuwa haba. Mwezi Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na baadaye Tume ya Utumishi wa Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Mahali ambapo mwalimu wa hesabu ameondoka, mwalimu wa Kichina hatazamiwi kufika upesi. Mzigo wake basi huelekea kuangukia zana: simu, tableti, kamusi na michezo ya kidijitali.

Makala haya yanadai kwamba zana ya kujifunzia lugha ya kigeni haina budi kuanzia katika lugha anayoijua mwanafunzi. Kanuni hiyo ilifuatwa katika eneo hili karne nyingi kabla ya kompyuta, lakini zana nyingi za Kichina zilizoenea hazikuizingatia.

2. Ubao wa dugsi

Tangu zamani, chombo kikuu cha kusomea katika eneo hili kilikuwa ubao wa mbao, uitwao loox kwa Kisomali. Katika dugsi, yaani chuo cha Kurani, mtoto huandika aya kwa wino wa makaa, huikariri mpaka aihifadhi, kisha huuosha ubao na kuandika nyingine. Wakati wa vita vya 1963 hadi 1967, na katika miaka ya sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi 1991, shule za serikali zilikuwa chache na dugsi liliendelea kufunza.

La kuangaliwa hapa ni njia ya kufunzia herufi. Mapokeo ya Wasomali yanamtaja Sheikh Yusuf al-Kawneyn, maarufu kwa jina la Aw Barkhadle, kuwa ndiye aliyezipa irabu za Kiarabu majina ya Kisomali. Mtoto hakulazimika kuanza na istilahi za fatha, kasra na dhamma. Alifundishwa kusema alif la kordhabay, alif la hoosdhabay, alif la godey. Neno kor ni 'juu' na hoos ni 'chini'; hivyo jina lenyewe lamwonyesha mtoto alama ilipo. Hati ilikuwa ngeni, nayo lugha ya kufasiriwa hati hiyo ilikuwa ya nyumbani.

3. Zana za Kichina

Kufundisha Kichina kwa mashine hakukuanza na simu. Mwaka 1925 Yuen Ren Chao alitoa kozi ya Kichina iliyotumia sahani za santuri. Katika miaka ya 1970 Chin-chuan Cheng wa Chuo Kikuu cha Illinois alitunga masomo ya Kichina ya kompyuta za PLATO. Mwaka 1972 Sebastian Leitner, mwandishi wa Kijerumani, alieleza mbinu ya kadi na visanduku: neno linalosahauliwa hurudi upesi, lililokaririwa vyema hukawia. Michezo mingi ya maneno katika simu hufuata kanuni hiyo, na mtoto wa dugsi hangeiona ngeni, kwani naye haoshi ubao kabla hajahifadhi.

Jambo lililokuwa na taathira kubwa zaidi ni pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kirumi uliopitishwa na Bunge la China mwezi Februari 1958. Mwandishi wa Kichina katika simu mara nyingi huandika sauti kwa pinyin, kisha huchagua hati moja kati ya zile zinazotokea. Herufi za Kirumi zimekuwa mlango wa hati za Kichina, na asiyejua kuzisoma hubaki nje.

Mlango huo, hata hivyo, hufunguliwa kwa Kiingereza. Mwaka 2017 programu ya Duolingo ilitoa somo la Kiswahili na somo la Kichina, yote mawili kwa wajuao Kiingereza. Kiswahili kiliingizwa kama lugha ya kufunzwa, si lugha ya kufunzia. Lakini uwezo wa kufunzia kinao: Radio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, na tangu hapo mambo mengi ya China yameelezwa kwa Kiswahili.

4. Herufi moja, sauti mbalimbali

Kijana Msomali wa Garissa huijia pinyin akiwa na urithi wa pekee. Amesoma hati ya Kiarabu katika dugsi, na herufi za Kirumi za Kiswahili na Kiingereza shuleni. Aidha, huenda anasoma othografia ya Kisomali iliyotangazwa Mogadishu mwezi Oktoba 1972. Katika othografia hiyo, x ni ḥāʾ ya Kiarabu, kama katika xoolo 'mifugo'. C ni ʿayn, kama katika caano 'maziwa'. Na q ni qāf, kama katika qalin 'kalamu'. Katika pinyin, x ya xué 'kujifunza' hukaribia sh, q ya qián 'fedha' hukaribia ch yenye mpumuo, na c ya cài 'mboga' ni ts yenye mpumuo. Maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Mwingereza hayamwonyi msomaji huyu juu ya mtego wenyewe, kwa kuwa Mwingereza hana mtego huo.

Kwa upande mwingine, anayo mali asiyoambiwa kuwa anayo. Kisomali hutofautisha ínan 'mvulana' na inán 'msichana' kwa kidatu cha sauti peke yake. Ni kweli kwamba toni ya Kisomali hufungamana na sarufi, hali toni ya Kichina hukaa katika silabi ya kila neno. Hata hivyo, sikio limekwisha zoezwa. Katika Kichina mǎi ni 'kununua' na mài ni 'kuuza'. Katika mji wenye soko mashuhuri la mifugo kama Garissa, mchezo wa kusikiliza unaoanza na ínan na inán, kisha ukaingia katika kununua na kuuza, ungeeleweka mara moja.

Kiswahili nacho kina mchango. Sauti ziandikwazo b na p katika pinyin hutofautiana kwa mpumuo, wala si kwa mghuno. Wasemaji wa Kimvita na Kiamu huijua tofauti hiyo: paa la nyumba halina mpumuo, p'aa wa mwituni anao. Lamu inapakana na Garissa. Mfano hautoki mbali.

5. Hitimisho

Vifaa vimekwisha kufika. Tangu 2013 UNHCR na Vodafone Foundation zilianza kupeleka madarasa ya kidijitali katika kambi za Dadaab, na mwaka 2016 serikali ilianza kugawa tableti katika shule za msingi nchini. Kilichopungua ni kazi ya wanaisimu: kutunga maelezo ya sauti za Kichina kwa Kisomali, na kwa Kiswahili, lugha inayowaunganisha Wasomali na majirani zao Wapokomo na Wamunyoyaya wa Mto Tana. Kazi hiyo isipofanywa, mtoto ambaye Kiingereza chake ni dhaifu atashindwa Kichina, na watu watasema kwamba Kichina ndicho kigumu. Aliyetunga alif la kordhabay hakuwa na kifaa zaidi ya ubao na wino. Alitambua tu kwamba mtoto amekuja chuoni na lugha yake.