Haiti: Utawala wa akina Duvalier na waandishi waliouhifadhi katika kumbukumbu

KWA zaidi ya miaka 28, kuanzia Oktoba 1957 hadi Februari 1986, taifa la Haiti katika eneo la Karibea lilikuwa chini ya watawala wawili wa familia moja: Dkt François Duvalier, aliyefahamika kama Papa Doc, na mwanawe Jean-Claude, aliyebandikwa jina la Baby Doc.

Mashirika ya kutetea haki za binadamu yanakadiria kwamba watu kati ya 20,000 na 30,000 waliuawa katika kipindi hicho. Hata hivyo, baba na mwana waliaga dunia pasipo mahakama yoyote kuwatia hatiani kwa mauaji hayo. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya ushahidi wa yaliyotendeka imehifadhiwa katika simulizi za walionusurika na katika kazi za fasihi.

Chimbuko la utawala huo

Haiti ilijinyakulia uhuru mnamo Januari 1, 1804, baada ya watumwa kuasi na kulishinda jeshi la Ufaransa. Ushindi huo uliandamana na gharama kubwa. Mnamo 1825, Ufaransa ililazimisha taifa hilo changa kukubali kulipa fidia ya faranga milioni 150, kiasi kilichopunguzwa hadi milioni 90 mnamo 1838. Baadaye, kati ya 1915 na 1934, nchi ilikaliwa na majeshi ya Marekani.

Fauka ya hayo, kulikuwa na uhasama wa muda mrefu baina ya machotara waliohodhi mali na elimu, na Weusi waliokuwa wengi mno lakini maskini. Duvalier, aliyezaliwa jijini Port-au-Prince mnamo 1907, alitumia uhasama huo kujijenga kisiasa. Mnamo 1938 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jarida la Les Griots, lililotukuza asili ya Kiafrika ya Wahaiti na dini ya voodoo. Isitoshe, akiwa daktari alishiriki katika kampeni ya kutokomeza ugonjwa wa buba mashambani, kazi iliyompatia mapenzi ya watu wa kawaida.

Alichaguliwa rais mnamo Septemba 1957. Miaka saba baadaye, kupitia kura ya maoni, alijitangaza rais wa maisha. Mwaka huohuo wa 1964, rangi za bendera ya taifa zilibadilishwa kutoka buluu na nyekundu hadi nyeusi na nyekundu, na kijitabu cha katekisimu kikatolewa ambamo Sala ya Bwana iligeuzwa kuwa sala ya kumsifu yeye.

Mjomba mwenye mkoba

Duvalier hakuliamini jeshi, kwani lilikuwa na mazoea ya kuwapindua marais. Baada ya jaribio la mapinduzi la Julai 1958, aliunda kundi la wanamgambo waliomtii yeye peke yake. Wananchi waliwaita Tonton Macoute, jina la zimwi la hadithi za watoto, yaani mjomba anayezunguka usiku akiwatia watoto watundu katika mkoba wake na kutokomea nao.

Wengi wa wanamgambo hao hawakuwa na mshahara. Waliishi kwa kuwapora na kuwatisha raia. Walikuwa wauza duka, wakulima na viongozi wa vijiji. Kikulacho ki nguoni mwako: aliyekuja kumkamata mtu alfajiri aghalabu alikuwa jirani anayemjua. Waliokamatwa kwa sababu za kisiasa wengi walipelekwa katika gereza la Fort Dimanche, ambako baadhi walifariki kwa njaa, maradhi na mateso.

Adhabu haikuishia kwa mshukiwa. Mnamo Agosti 1964, vijana 13 waliokuwa uhamishoni waliingia nchini kwa nia ya kumng'oa Duvalier. Jamaa zao katika mji wa Jérémie waliuawa, watoto na wazee wakiwemo. Wawili wa mwisho miongoni mwa vijana hao, Marcel Numa na Louis Drouin, walipigwa risasi hadharani jijini Port-au-Prince mnamo Novemba 12, 1964, na wanafunzi wa shule wakapelekwa kushuhudia.

Kalamu mbele ya bunduki

Duvalier, aliyekuwa mwandishi mwenyewe, alielewa nguvu ya maandishi. Jacques Stephen Alexis, daktari na mwandishi wa riwaya ya Compère Général Soleil ya 1955, alirejea nchini kwa siri mnamo Aprili 1961 akakamatwa. Hakuonekana tena.

Mwingereza Graham Greene alipochapisha riwaya ya The Comedians mnamo 1966, serikali ya Haiti ilijibu kwa kuchapisha kijitabu cha kumchafulia jina. Filamu ya riwaya hiyo haikuweza kupigwa Haiti. Sehemu kubwa ilitengenezewa Dahomey, nchi ambayo sasa ni Benin.

Kwa Wahaiti wenyewe, hatari ilikuwa kubwa zaidi. Marie Vieux-Chauvet alichapisha kitabu cha Amour, colère et folie jijini Paris mnamo 1968. Jamaa zake waliingiwa na hofu ya kulipiziwa kisasi, na kitabu kikaondolewa sokoni. Mwandishi huyo alikimbilia New York, akafariki huko mnamo 1973. Kitabu chake kilichapishwa upya Ufaransa mnamo 2005, na leo kinahesabiwa miongoni mwa kazi kuu za fasihi ya Haiti.

Frankétienne, aliyeaga dunia Februari 2025, alibaki nchini na kuchagua njia ya mafumbo. Riwaya yake Dézafi, iliyotoka mnamo 1975, ndiyo riwaya ya kwanza kuandikwa kwa Krioli ya Haiti. Inasimulia kijiji ambacho mchawi amewageuza watu kuwa mazombi, yaani wafu wanaotumikishwa bila hiari, hadi wanapoonjeshwa chumvi na kuzinduka. Wasomaji hawakuhitaji kuelezwa mchawi huyo alikuwa nani. Lugha yenyewe ilikuwa na uzito wake, kwani Kifaransa kilitamalaki serikalini na shuleni ilhali umma ulizungumza Krioli. Ni Katiba ya 1987 iliyoifanya Krioli kuwa lugha rasmi sambamba na Kifaransa.

Kizazi kilichofuata kiliandika kutoka ughaibuni. Dany Laferrière alihamia Montreal mnamo 1976 baada ya rafiki yake, mwanahabari Gasner Raymond, kuuawa. Edwidge Danticat, aliyehamia Marekani akiwa na umri wa miaka 12, alichapisha The Dew Breaker mnamo 2004. Humo binti anagundua kwamba baba yake, kinyozi mpole wa New York, alikuwa mtesaji wa wafungwa wala si mfungwa kama alivyodhani. Kitabu hicho kinauliza swali ambalo mahakama hazikulifikia: jamii itaishi vipi na watesaji ambao hawakukiri wala kuadhibiwa?

Kesi isiyokamilika

Papa Doc alifariki Aprili 21, 1971, na Jean-Claude akatwaa madaraka akiwa na umri wa miaka 19. Maandamano yaliyoshika kasi baada ya wanafunzi kuuawa kwa risasi mjini Gonaïves mnamo Novemba 1985 yalimlazimisha kukimbilia Ufaransa mnamo Februari 7, 1986.

Alirejea ghafla Januari 2011. Walionusurika waliwasilisha malalamiko, na Februari 2013 alifika kortini kujibu maswali. Mwaka mmoja baadaye, mahakama ya rufaa iliamua kuwa angeweza kushtakiwa kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Alifariki Oktoba 4, 2014 kabla ya kesi kusikizwa.

Hasara ya udikteta huo haikukoma na kifo chake. Desturi ya kuwapa silaha raia watiifu kwa mwanasiasa ilirithiwa na waliofuata, nazo taasisi zilizodhoofishwa makusudi hazikupata nafasi ya kuimarika. Magenge yenye silaha yalizidi kutamba baada ya Rais Jovenel Moïse kuuawa Julai 2021. Ndiyo hali iliyowakuta polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince Juni 2024 wakiongoza kikosi cha kimataifa kilichoidhinishwa na Umoja wa Mataifa.

Riwaya haiwezi kumfunga mtu jela, na wahusika wake wengi ni wa kubuni. Hata hivyo, kwa vijana wa Haiti waliozaliwa baada ya 1986, ambao husikia baadhi ya wazee wakisifu usalama wa enzi za Papa Doc, vitabu hivyo vinaeleza usalama huo ulikuwa wa nani, na ulilipiwa na nani.