Mchekeshaji Aliyepotea Pamoja na Jina Lake

Mayai yamefichwa chini ya boneti ya gari la Ford, karibu na injini, na injini ina joto. Kila mfuga kuku anajua joto hufanya nini. Ganda la kwanza linapasuka, lakini hatoki kifaranga. Kinatoka kigari kidogo kilichokunjamana, kinajinyoosha, kinasimama juu ya magurudumu yake na kuanza kutembea. Kinafuata cha pili, cha tatu, cha nne. Punde kundi zima la vigari linazurura huku na huko, kisha vyote vinakimbilia chini ya gari kubwa kujificha kwa mama yao.

Filamu hiyo inaitwa Egged On. Ilitoka Marekani mwaka 1926, haina sauti, na aliyeitunga na kuicheza ni Charley Bowers. Msomaji asione haya kama jina hilo ni geni kwake. Kwa miaka kadhaa hata watu waliokuwa wameshika mikanda ya Bowers mikononi hawakujua ni ya nani.

Kigari kile kinachotoka yaini leo kingetengenezwa kwa kompyuta. Mwaka 1926 kilikuwa kazi ya vidole. Kamera inapiga picha moja, fundi anakisogeza kigari kwa upana wa unywele, kamera inapiga picha nyingine, fundi anasogeza tena. Sekunde moja ya sinema ya zama zile ililamba picha kati ya kumi na sita na ishirini na nne, kwa hiyo dakika moja ya vigari kutembea ni zaidi ya picha mia tisa, na kila picha ina hesabu yake. Kosa moja katikati, mnaanza upya.

Subira hiyo Bowers aliipata kwenye katuni. Mwaka 1916 alishirikiana na Raoul Barré, mchoraji mzaliwa wa Montréal, kuendesha studio ya New York iliyotengeneza filamu za Mutt and Jeff, katuni iliyokuwa maarufu magazetini kwa mkono wa Bud Fisher. Katuni zilitoka kwa mfululizo, kwa haraka, na nyingi zilisahaulika kwa haraka vilevile. Lakini shule ilikuwa nzuri. Katikati ya miaka ya 1920 Bowers akatoka nyuma ya meza ya kuchorea, akajipaka poda usoni, akasimama mbele ya kamera kama mchekeshaji. Pamoja naye alikuwa Harold L. Muller, mpiga picha na mwongozaji mwenza, ambaye tutamrudia.

Filamu zao zilikuwa fupi, za dakika ishirini hivi. Mfululizo wa kwanza ulisambazwa na kampuni ya FBO, ambayo mwaka uleule wa 1926 ilinunuliwa na Joseph Kennedy, baba wa rais wa baadaye. Mfululizo wa mwaka 1928 ulisambazwa na kampuni iliyoitwa Educational, jina la kielimu kwa watu waliouza vichekesho.

Na vichekesho vyenyewe? Bowers karibu kila mara ni mvumbuzi. Katika Many a Slip anatafuta dawa ya kuzuia ganda la ndizi lisiteleze, na kwa hadubini anagundua kwamba kuteleza husababishwa na vijidudu. Ukizingatia ni wachekeshaji wangapi wa zama zile walikula kwa ganda la ndizi, ile ni dhihaka ya mtu anayewacheka wenzake wa kazi. Katika He Done His Best anaujaza mkahawa mashine mpaka wahudumu wanakuwa hawana kazi. Katika Fatal Footsteps viatu vinajifunza kucheza dansi ya Charleston na kuendelea vyenyewe. Katika There It Is mpelelezi wa Kiskochi mwenye sketi ya kiasili anafika kwenye nyumba yenye mzuka akiwa na msaidizi wake: mdudu anayeishi ndani ya kiberiti.

Bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Now You Tell One. Chama cha waongo kinakutana kumtafuta bingwa. Mmoja anasimulia jinsi kundi la tembo lilivyoingia katika jengo la Bunge la Marekani, na tunawaona tembo hao wakipanda ngazi na kuingia kwa utaratibu, kama wajumbe waliochelewa kikao. Uongo huo hautoshi. Ndipo analetwa Bowers, aliyekutwa ametumbukiza kichwa ndani ya mzinga wa kivita akitaka kujiua, naye anasimulia kisa chake. Amevumbua dawa ya kupandikiza inayoweza kuotesha chochote. Nyumba ya mpenzi wake imevamiwa na panya, na si panya wa mchezo: mmoja ana bastola na anawafyatulia paka risasi. Bowers anaotesha mmea, na kwenye ncha za matawi yake wanachanua paka wazima, mmoja baada ya mwingine, wanaruka chini na kwenda vitani. Kinachoshangaza ni utulivu wa picha. Hakuna moshi wala kukatizwa kwa picha. Paka anachipuka polepole mbele yako, manyoya na masikio, nawe unaanza kukubali kwamba labda ndivyo paka wanavyopatikana.

Tuseme ukweli pia. Kama mwigizaji, Bowers hamfikii mchekeshaji mwenzake Buster Keaton, ambaye Bowers kwa wazi alimtazama sana: kimo kilekile kidogo, uso uleule mweupe usiocheka. Mbio zake za kufukuzana ni za kawaida, na wanawake katika filamu zake hawapewi la kufanya ila kungoja aje. Unavumilia dakika sita za kuanguka na kugongana ili ufike pale mashine inapowashwa. Mashine ikiwashwa, hakuna aliyemfikia katika Marekani ya wakati ule.

Kisha sauti ikaingia kwenye sinema. Mwaka 1930 Bowers alitoa filamu ya sauti, It's a Bird, yenye ndege anayekula chuma: anameza gari zima, anataga yai, na yai linatoa gari jipya. André Breton, kiongozi wa wasurealisti wa Paris, aliipenda filamu hiyo na kuisifu kwa maandishi. Sifa za washairi wa Paris hazilipi madeni ya New York. Bowers akarudi kwenye kazi ndogondogo za michoro na vikaragosi. Mwaka 1939 alishirikiana na kijana aliyeitwa Joseph Losey, baadaye mwongozaji mashuhuri, kutengeneza filamu ya vikaragosi vya matone ya mafuta, Pete Roleum and His Cousins, kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya New York. Alifariki mwaka 1946. Historia za sinema zilizoandikwa baadaye zilimruka.

Zisingeweza kumwandika, kwa sababu hapakuwa na cha kutazama. Mikanda ya sinema bubu ilitengenezwa kwa nitreti ya selulosi, ndugu wa karibu wa baruti. Ikishika moto inajitengenezea oksijeni yake yenyewe, hivyo hata ukiimwagia maji inaendelea kuwaka. Isipoungua, inaoza: picha inafifia, mkanda unanata kama gundi, mwisho unabaki unga wa kahawia ndani ya mkebe. Na kabla ya moto na kuoza kulikuwa na wenye mali. Filamu fupi ya kichekesho ikishazunguka mwaka mmoja au miwili ilikuwa mzigo ghalani. Mikanda iliyeyushwa ili kupata fedha, ile ya madini, iliyokuwa ndani ya tabaka la picha. Sauti ilipoingia, hata aliyekuwa na nia ya kutunza hakuona sababu.

Tarehe 9 Julai 1937 ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliungua katika joto kali la kiangazi. Humo ndimo zilimokuwa nakala mama za filamu bubu za Fox, na pamoja nazo mali ya kampuni nyingine, ikiwamo Educational. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2013 ikikadiria kwamba katika filamu ndefu za Kimarekani zisizo na sauti, karibu 11,000 kati ya mwaka 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizosalia zikiwa kamili katika umbo lake la awali. Hesabu hiyo ni ya filamu ndefu, zilizokuwa na heshima. Filamu fupi za vichekesho hazikuhesabiwa humo.

Kilichomwokoa Bowers ni kwamba filamu zake zilisafiri. Wafanyabiashara wa Ulaya walinunua vichekesho vya Marekani kwa wingi, wakabadilisha vibao vya maandishi kuwa lugha zao, na kuwabatiza wachekeshaji upya. Ufaransa ilikuwa hodari kwa hilo. Chaplin alikuwa Charlot, Keaton akaitwa Malec na baadaye Frigo, Larry Semon akawa Zigoto. Bowers, kwa ajili ya mashine zake za kuungaunga, akaitwa Bricolo. Mkataba wa kusambaza ulipokwisha nakala zilitakiwa zirudishwe au ziharibiwe. Nyingi hazikurudi. Zilishuka ngazi kwa ngazi: kutoka majumba ya mijini hadi kumbi za vijijini, kutoka huko hadi kwa watu wa maonyesho ya kuhamahama, waliopiga hema, wakawasha mashine, wakakusanya viingilio na kuondoka. Hawa hawakuwa na ghala lenye baridi wala orodha. Walikuwa na mikebe, na hawakutupa kitu ambacho bado kingeweza kuchekesha watu.

Katika miaka ya 1960 Raymond Borde, mwanzilishi wa makavazi ya filamu ya Toulouse, kusini mwa Ufaransa, alinunua mikebe kutoka kwa watu wa namna hiyo. Baadhi ilikuwa na neno moja tu: Bricolo. Alipoitazama aliona mtu asiyemjua akitenda mambo ambayo hakuwahi kuyaona. Vibao vilikuwa vya Kifaransa, jina la msanii ni la bandia, na vitabu vya rejea havikumtaja mchekeshaji wa Kimarekani wa sampuli hiyo. Borde alikuwa mkusanyaji mkongwe, lakini hapa alikuwa na kazi ambayo hakuweza kumtaja mwenyewe wake. Ilibidi nyuzi zifuatwe kurudi nyuma, kutoka Bricolo hadi filamu za Kimarekani zilizolingana nazo, ndipo jina la Charley Bowers likarudi mahali pake.

Uchunguzi ukavuka bahari. Louise Beaudet, wa makavazi ya filamu ya Québec mjini Montréal, alifuatilia maisha ya Bowers na mwaka 1980 akatoa kitabu juu yake, juu ya ndoa ile ya vichekesho vya kuangukaanguka na uhuishaji. Nadhani si bahati tupu kwamba anayestahili shukrani ni mtaalamu wa uhuishaji. Wanahistoria wa vichekesho walikuwa na Chaplin, Keaton na Harold Lloyd, na meza yao ilikuwa imejaa. Wanahistoria wa katuni ndio waliojua thamani ya kusogeza kigari kwa unywele mmoja mara mia tisa.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya karakana. Serge Bromberg na Eric Lange wa kampuni ya Lobster Films ya Paris walikusanya nakala zilizotawanyika na kuzifanyia ukarabati, na mwaka 2004 zikatoka kwa DVD. Mwaka 2019 ukafuata mkusanyiko mpana zaidi, kwa picha safi zaidi. Kazi hiyo inahitaji kuoanisha. Nakala moja ina mwanzo lakini mwisho umeoza. Nyingine ni kamili lakini imekwaruzwa na meno ya mashine nyingi. Ya tatu ina vibao vya lugha nyingine. Mkarabati anaziweka sambamba, picha kwa picha, na kuchagua. Vibao ndivyo vigumu zaidi, kwa sababu mtafsiri wa Kifaransa wa miaka ya 1920 hakutafsiri utani, aliubadilisha. Ukivirudisha kwenye Kiingereza unapata maneno ambayo huenda Bowers hakuyaandika. Ningependa ukarabati wa aina hii uoneshe wazi, kila mara, kipi ni cha zamani na kipi kimejazwa. Mtazamaji ana haki ya kujua anacheka na nani.

Na mtu mwenyewe bado anawasumbua watafiti. Bowers alisimulia kwamba alitekwa na watu wa sarakasi akiwa mtoto mdogo na kwamba alitembea juu ya kamba. Aliyetunga kisa cha chama cha waongo hawezi kuaminiwa kirahisi kwa habari za utoto wake. Hata mwaka wa kuzaliwa unabishaniwa: alizaliwa Iowa, lakini maandishi ya zamani yanataja 1889 na watafiti wa baadaye 1877. Ikiwa hesabu ya pili ndiyo sahihi, yule kijana anayemchumbia binti wa watu katika Egged On alikuwa anakaribia miaka hamsini, na poda ile nyeupe ilikuwa na kazi zaidi ya tulivyodhani.

Anayebaki gizani zaidi ni Harold Muller. Jina lake liko kwenye filamu hizo kama mwongozaji na mpiga picha, na huwezi kupiga picha mia tisa za kigari bila mtu anayeijua kamera vizuri. Hata hivyo, sifa zote zimekwenda kwa yule aliyeonekana usoni, kama zilivyokwenda mwaka 1926. Filamu kadhaa za wawili hao nazo hazijaonekana. Majina ya filamu hizo yamo katika magazeti ya biashara ya sinema ya miaka ile, pamoja na muhtasari wa visa, kwa hiyo wanaotafuta wanajua wanatafuta nini. Wanajua pia kwamba kupekua orodha kwa herufi B ya Bowers hakutoshi, kwani mkanda ukijitokeza unaweza kuwa chini ya jina la Bricolo, au la msambazaji fulani wa Ulaya, au chini ya jina la Keaton, lililobandikwa na mtu aliyeona uso usiocheka akadhani amemtambua.