Kusoma huku unapiga kazi si kitu cha jana

Ukisikia wanafunzi wa afya wako wodini kwa mafunzo ya vitendo huku masomo wanayapata kwenye intaneti, usidhani ni jambo jipya. Sisi wa ualimu tulishapita huko, na chanzo kiko hukuhuku ziwani.

Novemba 1974 TANU ilikaa Musoma ikaazimia kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Walimu watoke wapi? Vyuo havikutosha. Basi kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba wakapelekwa shule za vijijini, wakawa wanafundisha huku wanasoma: vijitabu vya masomo, vipindi vya redio, mkufunzi wa kuwasimamia, halafu wiki chache chuoni. Wakapatikana walimu zaidi ya 35,000.

Mtaani wakabezwa, eti UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu". Lakini jamani, wazazi wetu wangapi walijulia kusoma kwa haohao?

Mwaka 2005 AMREF ikaanza mambo kama hayo kwa manesi wa Kenya wenye cheti. Wakasomea diploma bila kuacha wagonjwa, safari hii kwa kompyuta.

Ninavyoona mimi, redio au kompyuta ni chombo tu. Aliye peke yake kituoni, bila mtu wa kumuuliza, atakwama tu. Kwa hiyo kabla ya kwenda BTP usiulize mtandao unashika tu. Uliza nani atakuja kukuona, na mara ngapi.

Tuko pamoja.