Anson Dorrance
Anson Dorrance (alizaliwa Bombay, India, 1951) ni kocha wa soka wa Marekani aliyeinoa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha North Carolina tangu ilipoanzishwa mwaka 1979 hadi alipostaafu Agosti 2024. Sehemu ya utoto wake aliishi Kenya. Hadi 1988 aliinoa pia timu ya wanaume ya chuo hicho.

Alitwaa mataji 21 ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, tisa kati ya hayo mfululizo, 1986 hadi 1994. Rekodi hiyo haina mshindani wa karibu. Siri yake ilikuwa daftari: kila mpambano wa mazoezini, hata wa mmoja kwa mmoja, uliandikwa, na matokeo yakabandikwa ukutani kila mtu ayaone. Mchezaji nyota Mia Hamm alipikwa katika mfumo huo.

Mwaka 1991, akiwa pia kocha wa timu ya taifa, aliiongoza Marekani kutwaa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, nchini China, kwa kuifunga Norway 2-1. Mwaka 1998 wachezaji wake wawili wa zamani wa chuoni walimshtaki kwa unyanyasaji wa kijinsia, madai aliyoyakanusha; shauri la mwisho lilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2008.

Miezi minne baada ya kustaafu kwake, timu ya chuo ilitwaa taji la 22 la NCAA chini ya kocha Damon Nahas.